Kitabu cha bei kinasema milioni 11, mkandarasi anasema milioni 20

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi na mume wangu tumemaliza kujenga nyumba yetu Bigwa, Morogoro, kwenye kiwanja chenye mteremko chini ya milima ya Uluguru, na sasa tumebakiwa na kazi za nje. Tunataka njia ya gari na uwanja wa mbele vyenye pevingi, yaani vitofali vya kutandika chini, jumla mita za mraba 180. Pia tunataka ukuta mfupi wa mawe wa kuzuia udongo usiporomoke upande wa juu, wenye urefu wa mita 24 na kimo cha mita 1.2, mtaro wa kupitisha maji ya mvua, mita 30, bustani ya nyasi, mita za mraba 150, na miti michache pamoja na maua.

Kwa kuwa sikutaka kuingia kwenye mazungumzo na mafundi nikiwa sijui lolote, nilinunua kitabu cha mwongozo wa bei za ujenzi kilichochapishwa miaka miwili iliyopita, ambacho bei zake ni za Dar es Salaam. Nilichukua kila kazi, nikazidisha kipimo chake kwa bei iliyoandikwa. Pevingi kwa shilingi 36,000 kila mita ya mraba ikatoa 6,480,000. Ukuta, mita za mraba 28.8 kwa 65,000, ukatoa 1,872,000. Mtaro kwa 45,000 kila mita ukatoa 1,350,000, na nyasi kwa 9,000 kila mita ya mraba nazo zikatoa 1,350,000. Miti na maua nikaviwekea 600,000. Jumla ni shilingi 11,652,000.

Mkandarasi tuliyeshauriwa na jirani alikuja, akapima, akaleta karatasi yenye mistari mitano kama yangu, na jumla yake ni shilingi 20,060,000 pamoja na VAT. Mume wangu anasema huyu ni mwizi na hana haja ya kuongea naye tena. Shemeji yangu ametuletea fundi mwingine ambaye hakupima kwa futi, alitembea tu uwanjani, akasema atafanya kazi yote kwa 9,500,000 endapo tutampa nusu kabla hajaanza. Hakuandika chochote.

Nilinunua kitabu ili kinisaidie kuamua, lakini sasa kinanichanganya zaidi. Ikiwa bei zake ni za kitaalamu, kwa nini hakuna hata mtu mmoja anayezikaribia? Je, nimwonyeshe mkandarasi kurasa za kitabu na kumtaka ashuke hadi hapo? Nimekuambatishia picha za kurasa za kitabu pamoja na mchoro wa uwanja wetu.

Ni mimi msomaji wako,
Bigwa, Morogoro

JIBU

Dada yangu wa Bigwa,

Nakushukuru kwa kuandika vipimo vyote na hesabu yako yote, kwa sababu bila hivyo nisingeweza kukusaidia zaidi ya maneno ya jumla. Nimezipitia picha za kurasa ulizoambatisha, na jibu langu la kwanza ni kwamba usimwonyeshe mkandarasi kurasa hizo bado. Kitabu chako hakina kosa kubwa, na mkandarasi, kwa ninavyoona, si mwizi. Tatizo ni kwamba bei ya kitabu na bei ya mkandarasi hazikuwa zinazungumzia kazi moja, ingawa zilibeba jina moja.

Tuanze na lililo jepesi, ambalo ni kodi. Bei za miongozo ya namna hii kwa kawaida huandikwa bila Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, na ukurasa wa maelezo wa kitabu chako unasema hivyo waziwazi. Mkandarasi wako ameijumlisha. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, kwa hiyo ukigawanya 20,060,000 kwa 1.18 unapata shilingi 17,000,000 kamili, na hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na 11,652,000 yako. Muombe akuonyeshe cheti chake cha usajili wa VAT, kwa kuwa asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza.

Sasa tuje kwenye pevingi, ambako ndiko pengo kubwa lilipojificha. Soma tena maelezo yaliyo mbele ya ile 36,000: kitabu kinasema vitofali vya unene wa milimita 60, vilivyopangwa juu ya tabaka la mchanga. Basi. Hakikusema kuchimba, hakikusema kubeba udongo, hakikusema moramu (udongo wa changarawe unaoshindiliwa chini) wala mawe ya kingo, kwa sababu waandishi wa vitabu hivi huzipima kazi hizo kila moja peke yake, nawe unatakiwa uzitafute kwenye kurasa nyingine. Ni utaratibu mzuri kwa mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kukadiria gharama za ujenzi, anayeujua, lakini humpotosha mno msomaji wa kawaida, na ningependa wachapishaji waliweke onyo hilo katika kila ukurasa badala ya kuliacha kwenye utangulizi ambao watu wengi huuruka.

Fikiria kinachotakiwa chini ya vitofali vyako. Vitofali vyenyewe ni milimita 60, mchanga takriban 40, na moramu iliyoshindiliwa milimita 150, jumla milimita 250. Ili uwanja wako uliomalizika ubaki kwenye usawa ule ule wa sasa, udongo wa kina cha robo mita lazima uondolewe kwenye mita za mraba 180 zote, yaani mita za ujazo 45. Udongo ukishachimbwa hulegea na kuvimba. Kwa udongo wa kawaida ongezeko la robo ni makisio ya kuaminika, hivyo zile 45 zinakuwa kama 56 zikiwa kwenye lundo. Lori linalobeba mita za ujazo 7 litakwenda tripu 8. Moramu nayo hufanya kinyume: mita za ujazo 27 zilizoshindiliwa zinahitaji uletewe 34 au 35 zikiwa huru, kwa kuwa mashine inazibana. Mtu anayenunua 27 kamili atajikuta ama amepungukiwa ama ameshindilia nusunusu.

Nimetumia viwango vya kitabu chako mwenyewe, kutoka kurasa mbili ambazo hukuzizingatia ingawa ulizipiga picha. Kuchimba mita za ujazo 45 kwa 9,000 ni 405,000. Kubeba tripu 8 kwa 60,000 ni 480,000. Moramu iliyoshindiliwa, 27 kwa 40,000, ni 1,080,000. Mawe ya kingo nimeyapima kwa mchoro wako kuwa mita 78, ukitoa upande wa geti na upande wa nyumba, na kwa 15,000 kila mita yanatoa 1,170,000. Hapo tumeongeza shilingi 3,135,000 kwenye pevingi peke yake, bila kubadilisha bei hata moja ya kitabu.

Ukuta nao unahitaji utulivu. Bei ya 65,000 uliyoichukua ni ya ukuta wa kawaida wa mawe, unaopimwa kwa mita za mraba, unaosimama wenyewe na kugawa eneo. Ukuta wako kazi yake ni kubeba uzito wa mlima unaosukuma, hasa mvua za masika zikishaulowesha udongo. Ukuta wa aina hiyo ukijengwa kwa mawe huwa mnene chini na mwembamba juu, na huzama ardhini, kwa hiyo hupimwa kwa ujazo. Nikichukua kina cha sentimita 60 chini ya ardhi, kimo chote kinakuwa mita 1.8, nikichukua unene wa sentimita 70 chini na 40 juu, wastani ni 55. Zidisha 24 kwa 1.8 kwa 0.55, utapata mita za ujazo 23.76, na kwa bei ya kitabu ya 140,000 kila mita ya ujazo, jumla ni 3,326,400 badala ya 1,872,000 yako. Vipimo hivi ni vya kukadiria gharama tu. Kwa mteremko wa Bigwa ningetaka mhandisi auone udongo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na ningetaka kuona kwenye mchoro wake matundu ya kutolea maji pamoja na tabaka la kokoto nyuma ya ukuta, kwa kuwa kuta hizi mara nyingi huangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Kwenye nyasi nimeongeza jambo moja tu. Baada ya ujenzi, ardhi kando ya nyumba huwa imejaa vipande vya tofali, mabaki ya saruji na udongo mgumu wa chini uliotolewa kwenye msingi. Nyasi hazitashika hapo. Tabaka la sentimita 10 la udongo wenye rutuba kwenye mita za mraba 150 ni mita za ujazo 15, na kwa 30,000 ni 450,000. Muulize pia mkandarasi kama anapanda vipando vya ukoka kimoja kimoja au analeta nyasi zilizokwisha kushikana na kuzitandika, maana tofauti ya bei kati ya njia hizo mbili ni kubwa na kitabu chako kimehesabu vipando. Mtaro na miti sina neno navyo.

Jumlisha yote: 11,652,000, ongeza 3,135,000 za chini na kando ya pevingi, ongeza 1,454,400 ambazo ni tofauti ya ukuta, ongeza 450,000 za udongo wa bustani. Tunafika 16,691,400. Mkandarasi alisema 17,000,000 kabla ya kodi. Kwa hiyo yule mtu ambaye mume wako hataki kuongea naye tena ametofautiana na kitabu kwa takriban shilingi laki tatu tu, na kitabu chenyewe ni cha miaka miwili iliyopita.

Hilo la miaka miwili linastahili maelezo. Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hutoa fahirisi za bei, yaani namba zinazoonyesha bei zilivyopanda au kushuka, zinazotumika kurekebisha malipo ya mikataba pale bei za vifaa zinapobadilika, na fahirisi ya namna hiyo ndiyo njia ya heshima ya kuisogeza bei ya zamani hadi leo. Unachukua fahirisi ya sasa, unaigawa kwa fahirisi ya tarehe ya kitabu, kisha unazidisha bei kwa jibu. Kwa mfano wa hesabu tu, ikiwa fahirisi ilikuwa 108 na leo ni 121, jibu ni 1.12, yaani bei imepanda asilimia 12. Lakini usiipake asilimia hiyo juu ya kila mstari bila kufikiri. Saruji na nondo hazipandi pamoja na ujira wa kibarua, wala mawe ya Morogoro hayana sababu ya kufuata bei ya mawe yanayouzwa Dar es Salaam, ambako husafirishwa kutoka mbali. Kwako wewe tarehe ya kitabu inapandisha bei, na mahali ulipo panaweza kuishusha kwenye mawe na mchanga.

Kuna njia nyingine ambayo naiamini zaidi kwa kazi ndogo kama yako, nayo ni kukitumia kitabu kwa vipimo vyake kuliko kwa bei zake. Mwishoni mwa miongozo mizuri kuna majedwali yanayoonyesha kiasi cha vifaa kinachoingia katika kila kazi, na hayo hayaharibiki kwa miaka miwili. Vitofali vya milimita 200 kwa 100 vinaingia 50 katika mita moja ya mraba, leo na kesho. Mita ya ujazo ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula takriban mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50. Chukua kiasi hicho kutoka kitabuni, kisha nenda wewe mwenyewe kwa wauzaji wa Morogoro ukaulize bei ya leo, ikiwa ni pamoja na kufikishiwa hadi Bigwa. Kwa mita zako 180 unahitaji vitofali 9,000, na ukiongeza asilimia tano ya vitakavyokatwa na kuvunjika ni 9,450. Zidisha kwa bei uliyoambiwa kiwandani na utakuwa na tarakimu ambayo hakuna fundi anayeweza kukupinga nayo.

Tarakimu hiyo ndiyo itakayokusaidia kumwelewa fundi wa shemeji yako. Sina sababu ya kumvunjia heshima, na inawezekana ni fundi hodari. Hata hivyo mpigie hesabu ya vifaa peke yake: vitofali, mchanga, moramu, mawe, saruji, udongo wa bustani, tripu za lori. Ukiona vifaa vyenyewe vinakaribia 9,500,000 kabla ya kumlipa mtu yeyote, ujue kuna kitu hakitawekwa. Mara nyingi kinachopunguzwa ni kile kisichoonekana baada ya kazi kwisha, yaani moramu na kushindilia. Uwanja utapendeza siku ya kukabidhiwa, na baada ya masika ya kwanza vitofali vitazama pale magurudumu yanapopita, na maji yatasimama humo. Na nusu ya fedha kabla ya kazi, bila karatasi, usitoe, hata kama aliyemleta ni ndugu wa karibu. Mwambie shemeji kwa upole kwamba utaratibu wenu ni kuandikiana, na kwamba unawalinda wote wawili.

Ninachokushauri ufanye sasa ni kuandaa orodha moja ya kazi, ukizitenganisha kama nilivyofanya hapa: kuchimba, kubeba, moramu na unene wake, vitofali na unene wake, kingo, ukuta kwa mita za ujazo, matundu na kokoto za nyuma ya ukuta, mtaro, udongo wa bustani, nyasi, miti. Acha safu ya bei ikiwa wazi. Wape wote wawili waijaze. Mkandarasi ambaye mistari yake mitano ilificha kazi zaidi ya kumi atalazimika kuzifunua, na hapo ndipo utakapoweza kumuuliza kwa haki kwa nini mstari fulani umepita kiwango cha kitabu. Ikiwa atakwambia unene wa vitofali vyake ni milimita 80, muulize sababu: kwa gari dogo 60 zinatosha, na 80 ni za sehemu ambako malori yatapita. Kama mnategemea boza la maji kuingia mara kwa mara, basi yuko sahihi na ni kitabu kilichohesabu pungufu kwa mahitaji yenu.

Tarajia pia mstari mmoja ambao kitabu hakikuwa nao kabisa: gharama za kuendesha eneo la kazi, kama vile mlinzi, stoo, maji, na kukodi mashine ya kushindilia. Vitabu huchukulia kazi kubwa ambayo gharama hizo zinagawanyika kwenye maelfu ya mita. Mashine iliyokodiwa kwa siku nzima inalipiwa siku nzima, iwe inashindilia mita 180 au 900. Kwa sababu hiyo bei ya kazi ndogo kuizidi kidogo ile ya kitabu ni jambo la kawaida, na mtu asikuambie vinginevyo.

Naongeza kwamba kati ya sehemu zote za miongozo ya bei, zile za bustani na kazi za nje ndizo ninazozitegemea kwa tahadhari kubwa zaidi. Ukuta wa tofali juu ya msingi uliokwisha kukamilika unafanana Tanga na Mbeya, lakini hakuna mwandishi wa kitabu aliyeuona mteremko wako wala kujua kama chini ya udongo wa Bigwa fundi atakutana na mwamba. Uingereza, ambako vitabu vya bei hutolewa kila mwaka, kazi za nje na mandhari zina kitabu chake peke yake, kwa kutambua kwamba hazihesabiki kama nyumba. Kwa hiyo weka akiba ya asilimia 10 juu ya bei mtakayokubaliana, na iandikwe kwamba mwamba au udongo mbovu ukipatikana, nyongeza italipwa kwa bei ya mita ya ujazo mliyoikubali mapema, si kwa bei itakayotajwa shimo likiwa wazi.

Kama fedha inabana, usimlazimishe mkandarasi kushusha bei ya kila mstari, kwa maana atairudisha kwa kupunguza unene. Punguza kazi. Njia ya magurudumu mawili yenye nyasi katikati itaokoa mita nyingi za pevingi kwenye ile sehemu ya kuingilia, na miti inaweza kusubiri mwaka mwingine. Ukuta na mtaro visisubiri; vifanyike kwanza, kabla ya mwezi Machi, kisha nyasi zipandwe mvua zikianza ili msizimwagilie kwa maji ya kununua. Mwombe mkandarasi aigawe bei yake katika hatua hizo mbili, malipo ya kila hatua yafuate kipimo cha kazi iliyokamilika, na aandike bei yake ni halali hadi tarehe gani.

Ukitaka macho ya mtaalamu kabla ya kutia saini, tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, umlipe kwa kazi ya siku moja tu ya kuikagua orodha hiyo ikiwa na bei zote mbili. Mume wako awepo siku hiyo, na kitabu kiwe mezani.